Ilikuwa Hela Tu

Ilan Halimi alikuwa na umri wa miaka 23 na alikuwa muuza simu katika duka moja la Boulevard Voltaire, Paris. Ni kazi tunayoijua wote. Unasimama nyuma ya kabati la vioo tangu asubuhi, unapokea simu nzima na mbovu, unaingiza laini, unamwelekeza mama mtu mzima namna ya kuhifadhi namba za wanawe. Januari 2006 msichana mmoja aliingia pale dukani kama mteja, akamchangamkia, wakapeana namba. Siku chache baadaye akamwita wakutane usiku nje kidogo ya jiji. Kumbe alikuwa chambo. Genge lililomtuma lilimkamata kijana yule na kumfungia kwa siku 24 huko Bagneux, kitongoji cha kusini mwa Paris, kwanza katika nyumba tupu ya ghorofa ambayo funguo zake zilitolewa na mlinzi wa jengo, kisha katika chumba cha mitambo chini ya ardhi. Asubuhi ya Februari 13 alionekana kando ya reli huko Sainte-Geneviève-des-Bois, yu uchi, ameungua, mwili mzima majeraha. Alikata roho akipelekwa hospitali.

Watekaji walianza kwa kudai euro 450,000. Familia ilipojibu kwamba haina fedha hizo, na kweli haikuwa nazo, waliambiwa waende wakachangishe kwenye masinagogi. Genge lilimpigia simu hadi rabi asiyekuwa na udugu wowote na kijana huyo, kumjulisha kwamba kuna Myahudi mikononi mwao.

Ungedhani habari imejieleza yenyewe. Haikujieleza. Polisi walilishughulikia jambo hilo kama utekaji wa kawaida wa kudai fedha, kazi ya majambazi, na hata maiti ilipopatikana wakubwa wao walisita kusema kwamba Uyahudi wa kijana yule ulihusika kwa namna yoyote. Mama yake, Ruth Halimi, alisema hadharani kwamba mwanawe asingekuwa Myahudi asingeuawa, na kwamba polisi walikataa kuliona hilo tangu mwanzo. Jibu alilopata kwa watu wengi, tena watu wapole wenye kumwonea huruma, lilikuwa hili: mama, tunakupa pole, lakini hawa walikuwa wahuni wanatafuta hela. Ilikuwa hela tu.

Nalitaka hilo neno "tu". Nimelifuatilia kwa miaka kadhaa kila ninaposoma habari za Wayahudi wa Ufaransa, na naona limefanya kazi kubwa kuliko bunduki. Hulikuti kwa wanaochora alama za Manazi ukutani, maana hao hawaoni haya kusema wanachotaka. Utalikuta kwa mhariri, kwa afisa wa polisi, kwa jirani mwema, kwa mwanasiasa wa mrengo wowote anayejiona hana chembe ya ubaguzi.

Tujiulize swali la kitoto: kwa nini yeye? Duka halikuwa lake. Alikuwa kijana wa kuajiriwa. Mtu anayetafuta hela kwa akili timamu hamteki muuza simu, anamteka mwenye duka, au mwenye jengo lenye duka. Genge lilimchagua Ilan kwa sababu liliamini kwamba Wayahudi wana hela, na kwamba hata asipokuwa nazo yeye, wenzake watazitoa, kwa kuwa Wayahudi wote wana mfuko mmoja. Kwa hiyo hela na chuki havikuwa vitu viwili ambavyo mpelelezi alipaswa kuchagua kimoja. Chuki ndiyo iliyowaonyesha watekaji palipo na hela. Na kwa kuwa iliwadanganya, hela haikuja, na kadiri hela ilivyochelewa ndivyo mateso yalivyozidi. Mtu wa watu wengine ambaye familia yake ni maskini huachiwa, au huuawa haraka. Huyu aliteswa wiki tatu na ushei kwa sababu watesaji wake hawakuweza kuamini kwamba Myahudi anaweza kukosa.

Nicolas Sarkozy, wakati huo waziri wa mambo ya ndani, alilisema hilo bungeni siku chache baada ya mazishi, na pamoja na yote ninayoweza kumlaumu nayo, siku hiyo alisema sawasawa: walitaka pesa, ndiyo, lakini waliamini kwamba Wayahudi wana pesa, na hiyo ni chuki dhidi ya Wayahudi ya kuwafunga wote kamba moja. Ilibidi waziri asimame bungeni kueleza kitu ambacho mama wa marehemu alikuwa amekieleza bure.

Nilipoisimulia habari hii kijiweni kwetu, palipo na birika la kahawa na vikombe vinavyosuuzwa kwenye ndoo moja, watu walisikitika kweli. Mzee mmoja alifuta macho. Halafu kijana wa bodaboda, si mtu mbaya hata kidogo, akauliza: "Lakini mjomba, si kweli lakini? Si wana hela wale?"

Sikumjibu haraka, kwa sababu swali lile nililisikia likitoka mahali ninapopajua. Si Paris. Ni hapa hapa.

Kila mtu wa umri wangu Afrika Mashariki amekulia kwenye sentensi inayofanana na hiyo, ila jina ndani yake ni lingine. Wahindi wana hela. Mhindi akivunjiwa nyumba, ni ujambazi tu. Akitekwa, ni hela tu. Hakuna anayeuliza mbona jambazi hakuhangaika kuchunguza kwanza kama Mhindi huyu ni bohora mwenye kiwanda au fundi cherehani anayedaiwa kodi ya nyumba. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wafungashe, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya kiuchumi: wanamkamua ng'ombe bila kumlisha. Vita vya uchumi, alisema. Wengi walimwelewa, wengine walimshangilia, na hata leo utakutana na wasomi watakaokwambia kwamba haukuwa ubaguzi, ulikuwa uchumi. Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwa viongozi wachache waliosema wazi kwamba huo ni ubaguzi wa rangi. Na kabla zile siku 90 hazijaisha, Septemba hiyo hiyo, Amin alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, simu ya maandishi ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi milioni sita. Watu walilichukulia kama kichekesho kingine cha yule bwana. Mimi naona ni mtu yule yule akiwaza wazo lile lile mara mbili ndani ya mwezi mmoja na nusu: kuna watu wachache katikati yetu ambao mali yao ni ushahidi wa hatia yao.

Hapa ndipo penye ugumu wa kuitambua chuki hii, na sidhani tunapatilia maanani vya kutosha. Ubaguzi ambao Mwafrika ameujua kwa ngozi yake ni wa kudharauliwa. Unaambiwa huna akili, huna historia, kaa nyuma ya basi. Tumejifunza kuutambua ubaguzi kwa alama hiyo: anayebaguliwa ni aliyewekwa chini. Lakini Myahudi katika kichwa cha anayemchukia hayupo chini. Yupo juu. Ana benki, ana magazeti, anavuta kamba nyuma ya pazia. Chuki yake ina sura ya uasi wa mnyonge dhidi ya mkubwa, na mtu mwenye moyo wa kuwatetea wanyonge anaweza kuibeba miaka mingi akidhani amebeba haki. Ndiyo maana Myahudi akilalamika, sauti yake inasikika kama ya tajiri anayelia njaa. Uongo ule ule uliomfanya atekwe ndio unaomnyima wa kumsikiliza.

Watatu kati ya kumi kijiweni watasema hapo naongeza chumvi. Basi nirudi nyuma kidogo, kwenye sentensi ambayo sijapata kuona mfano wake.

Oktoba 3, 1980, jioni ya Ijumaa, bomu lililipuka nje ya sinagogi la Rue Copernic, Paris, watu wakiwa ndani kwa sala. Waliokufa walikuwa wanne. Waziri mkuu Raymond Barre, mchumi aliyekuwa na sifa ya kuchagua maneno, alilaani shambulio hilo ovu lililokusudia kuwapiga Waisraeli waliokuwa wakienda sinagogi na ambalo, akasema, liliwapiga Wafaransa wasio na hatia waliokuwa wakivuka Rue Copernic. Kwa "Waisraeli" hakumaanisha raia wa nchi ya Israeli. Alimaanisha Wayahudi wa Ufaransa, kwa lile neno la adabu la zamani.

Isome tena taratibu. Kuna waliokwenda sinagogi, na kuna Wafaransa. Kuna waliokusudiwa, na kuna wasio na hatia. Hakusema kwamba waliokwenda kusali wana hatia, la hasha, angeshtuka sana kama ungemwambia hivyo. Ila sentensi yake ilishawagawa watu kabla hajafika mwisho wake. Na kosa la namna hii halitungwi na mtu mwovu akiwa amekaa mezani. Linamtoka mtu wa kawaida aliyechoka, mbele ya kamera, kwa sababu mgawanyo ulikuwa tayari umelala kichwani. Mwaka 2007, akiwa mzee sana, redio ilimpa nafasi ya kusema basi, niliteleza ulimi. Hakuitumia. Aliwalaumu waliomkosoa, akataja ushawishi wa Wayahudi wa mrengo wa kushoto. Yaani aliyedaiwa kuomba radhi alitoa ushahidi wa ziada.

Mauaji ya Sarah Halimi yalikuwa ya namna nyingine. Hakuwa ndugu wa Ilan, jina tu limegongana. Alikuwa daktari mstaafu wa miaka 65, akiishi peke yake kwenye ghorofa mtaa wa Belleville. Usiku wa kuamkia Aprili 4, 2017, kijana jirani aliingia kwake kupitia roshani ya nyumba nyingine, akampiga muda mrefu huku akipaza takbira na kumwita shetani, kisha akamtupa chini kutoka ghorofani. Polisi walikuwa wamekwisha kufika kwenye jengo, wanasubiri nguvu ya ziada. Majirani walisikia kila kitu.

Kilichofuata ni ukimya. Ufaransa ilikuwa katikati ya kampeni za urais, duru ya kwanza Aprili 23 na ya pili Mei 7, na habari hii iliwafaa vibaya karibu wote. Aliyeizungumza angeonekana anampigia debe Marine Le Pen, mgombea wa mrengo mkali wa kulia. Kwa hiyo magazeti makubwa yakaipitia kwa aya chache za kurasa za matukio. Kama ni uamuzi uliokaliwa kikao au ni woga wa kila mmoja peke yake, matokeo yalikuwa yale yale: mwanamke anatupwa kutoka ghorofani na mtu anayemjua kuwa ni Myahudi, halafu watu wake wanalazimika kuandamana ili nchi ijue. Jaji mpelelezi alikubali kuongeza kipengele cha chuki dhidi ya Wayahudi Februari 2018, miezi kumi baadaye.

Sababu iliyotolewa kuchelewesha ilikuwa kwamba muuaji alikuwa mgonjwa wa akili, amevuta bangi hadi akarukwa. Ni kichaa tu, unaona, lile neno limerudi. Mahakama ya juu iliamua Aprili 14, 2021 kwamba hawezi kushtakiwa kwa kuwa alikuwa amepoteza utambuzi, huku ikikubali kwamba kitendo chenyewe kilikuwa cha chuki dhidi ya Wayahudi. Watu walijaa mitaani. Januari 2022 sheria ilibadilishwa kuhusu wanaojilevya wenyewe. Mimi si mwanasheria na sitajifanya. Huenda majaji walitafsiri sheria kama ilivyokuwa. Ninachokishika ni maneno ya daktari wa akili wa kwanza kumchunguza, Daniel Zagury, aliyeandika kwamba kitendo kilikuwa cha wazimu na cha chuki dhidi ya Wayahudi kwa wakati mmoja. Wazimu hauondoi chuki. Kichaa haokoti mawazo yake mbinguni, anayaokota barazani kwetu. Akiwa Bagamoyo miaka ya zamani angeona majini na mumiani. Belleville mwaka 2017 alimwona shetani, na shetani alikuwa mama wa Kiyahudi wa ghorofa ya juu. Hilo linatuambia kitu kuhusu yeye, na kikubwa zaidi kuhusu mazungumzo aliyoyasikia tangu utoto.

Mwaka mmoja baadaye, Machi 2018, mtaa ule ule wa kumi na moja wa Paris, Mireille Knoll, bibi wa miaka 85, alichomwa visu na nyumba yake kuwashwa moto. Mwaka 1942 alikuwa mtoto aliyenusurika msako wa Vel d'Hiv, polisi wa Kifaransa walipokamata Wayahudi zaidi ya 13,000 kwa siku mbili. Utetezi mahakamani ulikuwa nini? Wizi. Ilikuwa hela tu. Bibi aliyekuwa akiishi nyumba ya serikali ya kodi nafuu. Safari hii mahakama haikukubali, na Novemba 2021 mmoja wa washtakiwa alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji yenye chuki dhidi ya Wayahudi ndani yake.

Sasa najua swali linalokusubiri mdomoni, maana nami ninalo. Na Gaza je?

Sitalikwepa. Nimeyaona maiti za watoto wa Gaza kama ulivyoyaona, na sina haja ya kumwomba mtu ruhusa kusema kwamba kilichofanywa pale ni uovu. Najua pia kwamba kuna watu, wengine madarakani, waliotumia shutuma ya chuki dhidi ya Wayahudi kama rungu la kumnyamazisha yeyote anayesema hivyo. Rungu hilo lipo, na kila linapotumika ovyo linamharibia yule mama wa Belleville, kwa sababu siku yeye akipiga kelele watu watasema, ah, wameanza tena.

Lakini angalia swali lenyewe linaulizwa wapi. Likiulizwa kwa waziri wa Israeli, ni swali halali, tena aulizwe mpaka ajibu. Likiulizwa pale mtoto wa shule wa Paris anaposema ametemewa mate kwenye treni, ni kitu kingine. Ufaransa ilirekodi vitendo 436 vya chuki dhidi ya Wayahudi mwaka 2022. Mwaka 2023 vilikuwa 1,676, vingi kati ya hivyo baada ya shambulio la Hamas dhidi ya Israeli la Oktoba 7, na mbio hizo zilianza ndani ya siku chache, kabla jeshi la Israeli halijaingia Gaza kwa nchi kavu mwishoni mwa mwezi ule. Wayahudi wa Ufaransa hawafiki hata asilimia moja ya watu wa nchi hiyo. Ukisema "na Gaza je?" mbele ya mtoto yule, umemwambia kwamba kutemewa mate ni deni lake, analilipa kwa niaba ya wengine.

Kama hilo bado ni gumu kuliona, twende Nairobi, Aprili 2014. Baada ya shambulio la al-Shabaab pale Westgate na mabomu yaliyofuata, serikali ya Kenya ilianzisha Operesheni Usalama Watch. Maelfu ya watu wenye sura ya Kisomali walikusanywa Eastleigh, wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Walikuwamo Wakenya wenye vitambulisho, wamama wa kuuza nguo, wanafunzi. Waliolalamika waliambiwa nini? Na al-Shabaab je? Na waliokufa Westgate je? Waliokufa Westgate ni kweli walikufa, watu 67 wasio na kosa, na uchungu wake haujaisha. Lakini mama wa kuuza madera Eastleigh alikuwa na deni gani nao? Wasomali wa Kenya wanalifahamu swali hilo kwa ndani. Na Waislamu wa Ufaransa pia, wanaotakiwa kulaani kitu kila mara mtu asiyewajua anapofanya uhalifu, kana kwamba wana zamu.

Januari 9, 2015, mtu mwenye bunduki alipoingia duka la chakula cha Kiyahudi la Hyper Cacher na kuua wanne, mfanyakazi wa humo aliyewaficha wateja kwenye chumba cha baridi alikuwa Lassana Bathily, Mwislamu kutoka Mali. Aliposifiwa, alisema kwa maneno yake kwamba aliwasaidia binadamu wenzake. Hakuna aliyemsikia akiwauliza kwanza wale wateja, wakiwa wanatetemeka kwenye jokofu, wana msimamo gani juu ya Palestina.

Kuna waliokata tamaa na ubishi huu wote na kusema: basi nani aamue? Kila mtu akidai amebaguliwa tumwamini? Hoja si ya kipuuzi. Waingereza waliipitia kwa njia ya damu. Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, aliuawa kwa kisu kwenye kituo cha basi Eltham, London, Aprili 1993, na polisi wakafanya uchunguzi wao kana kwamba rangi yake haikuwepo. Ripoti ya Macpherson ya 1999 iliweka kanuni ambayo kwangu bado haijapata mpinzani wa maana: tukio lolote ambalo aliyetendewa, au mtu mwingine yeyote, analiona kuwa la kibaguzi, liandikwe na kuchunguzwa kama la kibaguzi. Liandikwe na lichunguzwe. Haikusema mtuhumiwa afungwe. Watu wengi wanaoikejeli hawakuisoma hadi hapo.

Sasa tazama ajabu. Watu wale wale walioipokea kanuni hiyo kwa mikono miwili ilipomhusu kijana mweusi, walioiandika kwenye mabango, wengi wao waliikuta nzito ilipomhusu Myahudi. Ndani ya chama cha Labour, chama ninachokiheshimu kwa mengi, wanachama wa Kiyahudi walioleta malalamiko waliambiwa kwa miaka kwamba wanatumwa, wana ajenda, wanataka kumwangusha kiongozi. Oktoba 2020 Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ya Uingereza ilitoa uamuzi kwamba chama kilivunja sheria, na kati ya mambo iliyoyahesabu kuwa unyanyasaji ni watu waliotenda kwa niaba ya chama kudai kwamba malalamiko yale ni ya uongo na ya kupakana matope. Yaani kupuuza kwenyewe kulihesabiwa kuwa kosa. Jeremy Corbyn, aliyekuwa kiongozi wa chama miaka ile ya malalamiko, alijibu siku hiyo hiyo kwamba ukubwa wa tatizo ulitiwa chumvi mno kwa sababu za kisiasa, akasimamishwa. Inawezekana kabisa kwamba maadui zake walilitumia tatizo, wanasiasa hutumia chochote. Lakini moto ukitumiwa na jirani kukusema vibaya, bado ni moto, na wewe bado una ndoo mkononi.

Ufaransa yenyewe ilikuwa na ukumbusho wa karne nzima. Desemba 1897, kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi, akiwa mfungwa mwaka wa tatu kwenye Kisiwa cha Shetani kwa kosa la usaliti ambalo hakulitenda, na afisa mwenzake Picquart akiwa amekwisha kugundua kwamba mwandiko uliomtia hatiani ni wa mtu mwingine, waziri mkuu Jules Méline alisimama bungeni kusema hakuna suala la Dreyfus. Hapakuwa na la kuzungumza. Miezi kadhaa baadaye nchi ilikuwa inapasuka katikati, ndugu hawali sahani moja. Ilimchukua Dreyfus hadi Julai 1906 kusafishwa jina.

Kijana wa bodaboda nilimjibu, hatimaye. Nilimwambia babake Ilan alikuwa na duka la nguo dogo tu, na hata kama angekuwa na benki, mtoto si wa kuchomwa moto. Alinyamaza, akasuuza kikombe chake kwenye ndoo, akasema, "Hilo la pili ndilo la maana, mjomba. La kwanza ungeliacha." Na alikuwa sahihi kuliko mimi. Nilikuwa nimeanza kwa kumthibitishia umaskini wa marehemu, kana kwamba ndio ungemfanya astahili kuishi.

Huko Bagneux waliweka jiwe la kumkumbuka Ilan. Mwaka 2017 lilichafuliwa. Sainte-Geneviève-des-Bois, alikookotwa, walipanda miti. Februari 2019, siku mbili kabla ya kumbukumbu ya kifo chake, ilikutwa imekatwa. Épinay-sur-Seine, kaskazini mwa Paris, walipanda mzeituni mwaka 2011. Ulikaa miaka kumi na minne, ukashika mizizi, watu wakapita chini yake kwenda dukani. Agosti 2025 wafanyakazi wa manispaa waliukuta umelala chini, umekatwa shinani.